Gemu nimelipia, kompyuta ni yangu. Ruhusa ya kucheza bado naomba kwa nani?

Nyaya3 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na nafasi sasa auweke alama arudi baadaye.

Juzi nilikuwa napanga kabati nikakuta kasha la gemu niliyonunua enzi zile za diski. Diski haina hata mkwaruzo, na ile namba ndefu ya siri bado imebandikwa ndani ya kasha. Nikaisakinisha. Ikaenda vizuri mpaka asilimia 100, halafu kikatokea kidirisha: imeshindwa kuwasiliana na seva ya uthibitisho. Nikachimba mtandaoni nusu siku. Kumbe seva hiyo ilizimwa zamani, na kampuni haikuacha hata faili dogo la kuondoa ukaguzi. Hii ni gemu ya kucheza peke yako, haina mechi za mtandaoni, haina chochote cha kuomba kwa mtu. Kila kinachohitajika ili ifunguke nilikuwa nacho mezani, isipokuwa neno "ruksa" kutoka kwenye mashine ambayo haipo tena.

Imeniuma, sifichi. Nilikuwa nimeitunza.

Tukijadili haki za mchezaji wa PC huwa tunaishia kwenye bei na ubora wa gemu. Mimi naona swali zito zaidi ni hili: ukishalipa, nani bado ana uwezo wa kukukatalia? Kwenye konsoli jibu linajulikana tangu siku ya kwanza, kampuni ndiyo mwenye nyumba na wewe unaingia kwa masharti yake. PC tuliipenda kwa sababu jibu lilikuwa "hakuna". Unafungua kasha unabadili kadi ya picha, unaweka mfumo unaoutaka, unaingia kwenye faili za gemu unaweka modi zako (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji). Jibu hilo limebadilika taratibu, na kila badiliko lilikuja na sababu iliyosikika nzuri.

Half-Life 2 ilipotoka Novemba 2004, hata aliyenunua diski alilazimika kufungua akaunti ya Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, na kuunganisha intaneti kabla ya kucheza. Watu walilalamika sana, kisha tukazoea, kwa sababu Steam ilituletea vitu vya maana: masasisho yanayojishusha yenyewe, gemu zote sehemu moja, ukibadili kompyuta unazikuta. Mwaka 2008 Spore ikaja na kufuli la SecuROM lililokuruhusu kuiwasha kwenye kompyuta 3 tu. Kelele zikawa kubwa hadi EA, kampuni iliyoitoa, ikapandisha idadi kuwa 5. Mwaka 2012 Diablo III ikataka intaneti muda wote hata ukiwa unacheza peke yako, na siku ya kwanza waliolipa wakakutana na Error 37, ujumbe wa kushindwa kuingia kwenye seva, badala ya gemu.

Halafu SimCity, gemu ya kujenga mji, Machi 2013. Hii ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. EA walisema intaneti ni lazima kwa sababu sehemu ya hesabu za mji inafanyika kwenye seva zao. Mchezaji mmoja akaingia kwenye faili, akaondoa ule ukaguzi, mji ukaendelea kuishi bila seva. Machi 2014 kampuni yenyewe ikaleta namna ya kucheza bila intaneti. Maana yake kamba ilikuwa imefungwa kwa uamuzi wa mtu. Gemu haikuihitaji.

Tangu hapo, kila nikiambiwa "kiufundi haiwezekani" huwa nauliza mara ya pili. Karibuni.

---

Kibodi_Nzito

Mkuu Nyaya3, pole kwa hilo kasha. Ila nikuulize kama rafiki: yale masharti unayobofya "nakubali" huwa unayasoma? Yameandikwa wazi tangu zamani kwamba unapewa leseni, huuziwi gemu. Ukinunua kitabu karatasi ni yako na maneno ni ya mwandishi. Programu zimekuwa hivyo siku zote, hata diski yako ilikuwa leseni. Sasa kosa la kampuni liko wapi?

---

Nyaya3

Kibodi_Nzito, mfano wa kitabu naukubali, na ndio unaonisaidia. Maneno ni ya mwandishi, sawa, siwezi kuyachapa na kuyauza. Lakini mwandishi hawezi kuingia kwenye rafu yangu usiku akakifunga kitabu gundi. Leseni ya zamani ilikuwa karatasi inayosema usinakili. Ya sasa ina mkono unaofika hadi ndani ya mashine.

Kuhusu kusoma masharti: kitufe kiliandikwa "nunua". Hakikuandikwa "kodisha mpaka tutakapochoka". Jimbo la California limeliona hilo, likapitisha sheria ya AB 2426 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Duka la kidijitali haliruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Gemu unayoweza kuishusha ukabaki nayo moja kwa moja bila intaneti haiguswi na sharti hilo. Steam walianza kuweka tangazo la leseni kwenye kikapu cha malipo tangu Oktoba 2024, na GOG, duka linalouza gemu zisizo na kufuli, wakajitokeza kusema kwamba visakinishi vyao hakuna wa kukunyang'anya.

Ni hatua, lakini ni hatua ya maneno. Kuambiwa ukweli kabla ya kunyang'anywa hakuzuii kunyang'anywa.

Tazama The Crew. Gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014, ina safari nzima ya kucheza peke yako, ila ilitaka seva muda wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na baada ya siku chache wachezaji wakakuta leseni yenyewe imeondolewa kwenye akaunti zao. Hata wale waliokuwa na ujuzi wa kujaribu kuifufua walifungiwa mlango wa kuishusha. Hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott mwezi Aprili mwaka huo. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilifungwa Julai 2025 likiwa na saini zaidi ya milioni 1.4, wakati kiwango kilichotakiwa ni milioni 1.

Wanachoomba si kikubwa. Hawasemi kampuni iendeshe seva milele. Wanasema ukiamua kuzima, iache gemu katika hali inayoweza kuchezeka. Na Ubisoft wenyewe, baada ya zile kelele, waliahidi namna ya kucheza bila intaneti kwa The Crew 2, na mwaka 2025 wakaileta. Kile kilichoshindikana kwa ya kwanza kikawezekana kwa ya pili.

---

mlenga_shabaha

Naona wote mnaongea kama watu wa kucheza peke yao. Niwaletee upande wetu wa mechi za ushindani.

Nimecheza gemu za kulenga miaka mingi. Hakuna kitu kinachoua gemu kama mtu anayeona kupitia ukuta. Unajifunza ramani, unafanya mazoezi, halafu unakutana na mtoto aliyelipia programu ya kuchiti anakulenga kichwani kila sekunde. Programu hizo zinaingia ndani ya keneli, kwenye kiini cha Windows. Mlinzi akibaki nje atamwonaje mwizi aliye chumbani? Vanguard, programu ya kuzuia uchiti ya kampuni ya Riot, ilipokuja na gemu ya Valorant mwaka 2020 watu walipiga kelele kwamba inaamka pamoja na kompyuta. Mimi nilifurahi. Na Battlefield 6 ilipotaka Secure Boot (ukaguzi wa usalama kompyuta inapowaka) niliingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiwasha, dakika tano, nikaendelea na maisha.

Haki ya mchezaji mwaminifu kupata mechi safi nayo ni haki. Msiisahau.

---

Nyaya3

Mkuu mlenga_shabaha, hoja yako nzito na siipuuzi. Mechi yenye wachitaji haina maana, na anayelipa ana haki ya kuchezea uwanja safi.

Wasiwasi wangu ni kwamba mlinzi huyu anapewa funguo za nyumba nzima ili alinde chumba kimoja. Draiva, yaani programu inayokaa kwenye keneli, ina uwezo wa kuona na kugusa kila kitu kwenye mashine: kazi zako, benki yako, picha za familia. Sisemi kampuni hizo zinachungulia. Nasema kosa likitokea huko chini, halina ukuta wa kulizuia. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, ambayo ni kampuni ya usalama na si ya gemu, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Na mwaka 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyoitumia draiva ya kuzuia uchiti ya Genshin Impact kuzima programu za kinga kwenye mashine za watu ambao hata gemu hiyo hawakuwa nayo. Draiva ilikuwa imesainiwa kihalali, Windows ikaiamini.

Kama mtu anakubali hilo kwa hiari yake, sawa. Ila lazima ajue kabla ya kulipa. Tangu Oktoba 2024 Steam wanawataka watengenezaji waandike kwenye ukurasa wa gemu iwapo inaweka kitu kwenye keneli. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati.

---

Pengwini

Nilikuwa nasoma kimya, hapa kwenye keneli siwezi kunyamaza.

Natumia Linux, mfumo mbadala wa Windows, tangu kabla Valve hawajatoa Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, mwaka 2018. Miaka ile kucheza gemu ya Windows kwenye Linux ilikuwa kazi ya usiku mzima, unabadili mistari ya mipangilio mpaka macho yanauma. Proton ikaja, Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi ya Valve inayotumia Linux, ikafuata Februari 2022, na leo gemu nyingi nazifungua kwa kubofya tu. Kwa mara ya kwanza mtu wa PC akapata njia ya kuondoka Windows bila kuacha gemu zake.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. League of Legends, gemu ya Riot, ilikuwa inachezeka kwa Wine, programu ya zamani ya kuendesha vitu vya Windows kwenye Linux, miaka na miaka. Mei 2024 ikawekewa Vanguard, ikaishia hapo. Septemba 2024 GTA Online ikawekewa BattlEye, programu nyingine ya kuzuia uchiti, watu wa Steam Deck wakafukuzwa. Mwisho wa Oktoba mwaka huohuo Apex Legends ikafunga Linux kabisa. Nilikuwa na marafiki niliocheza nao Apex kwenye Deck, tulipotezana hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba BattlEye na mwenzake Easy Anti-Cheat zote mbili zinafanya kazi na Proton tangu 2021. Uamuzi wa kuruhusu umeachwa kwa mwenye gemu. Kuna gemu zimeruhusu na zinaishi. Mkuu mlenga_shabaha, najua wapo wachitaji waliojificha Linux, Respawn, watengenezaji wa Apex, walisema hivyo wazi walipofunga. Ila Windows nako wamejaa, na hakuna aliyefunga Windows.

---

mlenga_shabaha

Pengwini, hilo la 2021 sikulijua. Nilidhani haiwezekani kabisa. Bado nitabaki na Vanguard yangu, lakini hapo umenifungua macho.

---

Sahani_Moto

Na zile kufuli za Denuvo mbona hamzitaji? Mimi kompyuta yangu ni ya wastani, kila kinachokula prosesa nakiona. Resident Evil Village ilipotoka 2021 ilikuwa inagugumia ukipambana na maadui fulani. Waliovunja kufuli wakasema toleo lao halina tatizo hilo, vipimo vya watu huru vikathibitisha, baadaye Capcom wakatoa sasisho la kurekebisha. Yaani aliyeiba alicheza vizuri kuliko aliyelipa. Mwaka huohuo prosesa za Intel za kizazi cha 12 zilipotoka, makumi ya gemu yalikataa kuwaka au yakaanguka kwa sababu kufuli lilidhani zile kori ndogo (sehemu ndogo za kazi ndani ya prosesa) ni kompyuta nyingine.

---

Nyaya3

Sahani_Moto, asante, nilikuwa naisahau hiyo ya kori. Inaonyesha vizuri: umenunua kifaa kipya, halali, kwa fedha yako, na gemu uliyoilipia inakuona mgeni.

---

Kibodi_Nzito

Nimesoma majibu yote. Hoja ya gundi kwenye kitabu imenikaa. Lakini niseme kitu kwa niaba ya Steam, maana naona uzi unaweza kuwageuza kuwa adui. Kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa 2, modi za Workshop (sehemu ya Steam ya kupata modi), Proton yenyewe, vyote vimetoka kwao. Nani mwingine kafanya hivyo kwa kiwango hicho?

---

Nyaya3

Ni kweli, na mimi gemu zangu nyingi ziko kwao. Ila hata lile la kurudisha fedha lina historia. Tume ya ushindani na walaji ya Australia iliwashtaki Valve mwaka 2014, utaratibu wa kurudisha fedha ukaanza Juni 2015, na Desemba 2016 mahakama ikawatoza faini ya dola milioni 3 za Australia. Sheria ilikuwa inawapumulia shingoni. Huko Ufaransa chama cha walaji kilipeleka kesi ya kutaka mtu aweze kuuza gemu yake ya Steam kama anavyouza diski. Kikashinda mwaka 2019, rufaa ikaligeuza jambo mwaka 2022. Sehemu nyingine tunapata, nyingine tunakosa.

Na duka likiwa zuri, bado ni mkono mmoja ulioshika maktaba nzima. Tarehe 1 Januari 2024 Steam waliacha kuhudumia Windows 7 na 8. Mtu ana mashine ya zamani, gemu ya mwaka 2009 iliyotengenezwa kwa Windows hiyohiyo, haikubadilika hata herufi, lakini mlango wa kuifikia umehamia kwenye mfumo mpya. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo mambo yanavyokuwa pale gemu na duka vinapofungwa fundo moja.

Aliyekusudia vizuri naye nimtaje. Concord ya Sony ilifungwa Septemba 2024, wiki mbili tu baada ya kutoka, na walionunua wakarudishiwa fedha zote. Gemu ilikufa, lakini mteja hakuzikwa nayo.

---

mgeni_wa_kudumu

Naomba niongeze la akaunti za ziada. Helldivers 2 iliuzwa Steam Februari 2024 kwa nchi nyingi tu. Mei Sony wakatangaza kwamba mchezaji wa PC lazima aunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Wakati huo kulikuwa na nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na PSN. Watu walikuwa wameshalipa na wameshacheza miezi mitatu! Maoni mabaya yakamiminika Steam kwa mamia ya maelfu, siku chache tu Sony wakaufuta mpango. Lakini gemu ikabaki imeondolewa sokoni kwenye nchi hizo kwa muda mrefu. Ndiyo maana siku hizi nikiona "akaunti nyingine inahitajika" upande wa kulia wa ukurasa, nafunga ukurasa.

Na aliyekuwa na Minecraft ya zamani kwa akaunti ya Mojang asipohamia Microsoft kabla ya 19 Septemba 2023? Alipoteza njia ya kuingia kwenye gemu aliyoilipia. Tangazo lilitolewa mapema, sawa. Ila mtu anaweza kuwa mgonjwa, au kapumzika gemu miaka mitatu.

---

Sahani_Moto

Sasa tufanyeje kwa vitendo? Maana tukiishia kulalamika tutarudi hapa mwakani.

---

Nyaya3

Nakueleza ninavyofanya mimi, wengine watarekebisha.

Kabla ya kulipa nasoma ule upande wa kulia wa ukurasa wa Steam, palipoandikwa kufuli la mtu wa tatu, akaunti ya ziada na kitu cha keneli. Kama gemu ya kucheza peke yako ina mojawapo, nasubiri. Denuvo mara nyingi huondolewa baada ya muda, na bei nayo inakuwa imeshuka.

Gemu ninayoipenda kweli naitafuta kwanza GOG, nashusha kisakinishi kizima na kukiweka kwenye diski ya nje. Kisakinishi kilichobaki kwenye seva yao bila kushushwa bado kiko mikononi mwao.

Kwa zilizoko Steam, nyingi zinafunguka bila Steam kabisa. Ingia kwenye folda ya gemu, funga Steam, chomoa intaneti, bofya faili ya kuwashia. Ikifunguka, nakili folda nzima mahali pengine, hiyo umeipata. Isipofunguka, angalau umejua una nini. Usidanganyike na ile hali ya nje ya mtandao ya Steam, hiyo bado inahitaji programu yao.

Gemu za keneli, mkuu mlenga_shabaha, kama una diski ya pili weka Windows ya pekee kwa ajili yake. Benki na kazi zibaki kwingine. Haizuii kila kitu, ila inapunguza kilichoko karibu.

Na saini zikitakiwa, tusaini.

---

Kibodi_Nzito

Nimejaribu hilo la kuchomoa intaneti sasa hivi, gemu kumi za mwanzo kwenye maktaba. Sita zimefunguka bila Steam. Mbili zimeita Steam. Moja imedai akaunti ya mchapishaji. Ya mwisho ni gemu ya shamba ya kucheza peke yangu, imeganda kwenye picha ya mwanzo haisemi chochote. Hiyo ndiyo nimeicheza kuliko zote.

---

Nyaya3

Hiyo ya shamba iache dakika tano, nyingine husubiri seva mpaka zichoke kisha hufunguka. Ikigoma, andika hapa jina lake na namba ya toleo. Pengwini anajua kusoma faili za kumbukumbu, tutaona inamwita nani.